Gogo la Mama Mkwe

Maji ya tangi yalianza kubadilika rangi wiki ile ile ambayo Bi Febronia aliacha kuzungumzia safari ya kurudi Nkome, kwake kando ya ziwa, lakini hakuna mtu nyumbani aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Kila mtu alikuwa na lake. Valerian, mwenye nyumba, alikuwa na samaki wake. Justa, mkewe, alikuwa na furaha ya kumwona mama yake huyo ametulia, anakula, na hataji tena basi la asubuhi.

Lilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, nalo limejengewa ndani ya ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia, hivi kwamba aliye upande huu humwona aliye upande ule kupitia maji. Mhindi aliyekuwa akiendesha kinu cha pamba ndiye aliyelijenga. Alipoondoka nchini, nyumba akapewa Valerian, karani mkuu wa kinu. Watu wengine wangelijaza mahindi tangi lile na kumshukuru Mungu. Valerian alilisugua, akaifufua pampu ndogo ya umeme ya kupuliza hewa, kisha akasafiri mpaka ziwani, ukweni kwake, akarudi na debe la furu hai, visamaki vidogo vya ziwani, amelipakata kwenye basi kutwa nzima.

Huko Nkome furu huanikwa juani na kuliwa na ugali, na hakuna anayeuliza walikuwa na rangi gani. Mtaa mzima wa Kambarage ulimcheka karani aliyetoka ukweni na kitoweo akakataa kukipika. Lakini visamaki vile vilipozoea maji ya Shinyanga vilijionyesha: madume mekundu ubavuni, mengine ya buluu na mapezi yenye madoa ya manjano. Kila jioni Valerian alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akavuta kiti mpaka mbele ya kioo, na kuanzia hapo humpati tena mpaka chakula kiive. Justa alimpenda kwa jambo hilo. Aliona kwamba mwanamume ambaye starehe yake ni kutazama visamaki vya urefu wa kidole hawezi kukusumbua sana maishani.

Tatizo halikuwa samaki. Tatizo lilikuwa kioo.

Kwa Wasukuma, kabila la Valerian, na kwa Wazinza, kabila la Justa, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na lenye kusemwa hupitishwa kwa mtu wa katikati. Si uadui hata kidogo. Ni heshima, na kijijini heshima hiyo haimchoshi mtu, maana kuna uwanja mpana, kuna nyumba ya huku na nyumba ya kule. Mjini kuna sebule moja. Valerian alizoea kukohoa akifika getini ili mama mkwe apate nafasi ya kujisogeza, na asubuhi walisalimiana kupitia ukuta. "Shikamoo, mayo," Valerian alisema kwa Kisukuma chake cha kumwita mama. "Marahaba, baba," ukuta ulimjibu. Walipendana hivyo hivyo, kwa sauti tu.

Bi Febronia hakuja kutembea. Alianguka na debe la maji huko Nkome, nyonga ikakataa kupona sawasawa, na alilala uani mpaka jua likazama kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumsikia. Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Mwanawe wa kiume, Marcelino, alikuwa amejitosa kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Bulyanhulu, na kilichofika kutoka kwake ni salamu. Justa alipopata habari alikwenda mwenyewe kumchukua. Moyoni alikuwa na hofu moja tu: akimwachia mama yake arudi kule, safari ijayo atakuta kaburi.

Lakini mama hakukalika. Jioni, wakati Valerian na watoto wako sebuleni na redio inaimba, Bi Febronia alikaa uani, mgongo kwenye ukuta wa jiko, akila vumbi la kiangazi na kusikiliza wajukuu wakicheka ndani. Chumba cha kulia kingemfaa sana. Kina kiti, kina dirisha, na redio inasikika. Ila ukikaa pale, kioo kinakuanika mbele ya mkweo.

Justa alijaribu. Alitundika khanga upande wa chumba cha kulia, ikafunika kioo chote. Valerian aliporudi aliiona, akadhani imeanikwa ikauke, akazunguka na kuitungua, akaikunja vizuri pembe kwa pembe na kumkabidhi mkewe. Alimweleza kwa upole kwamba samaki wanahitaji mwanga wa dirisha lile. Justa aliipokea khanga. Mama yake alikuwa amemkanya mapema.

"Usimwambie mkwe kwamba nayakimbia macho yake," alikuwa amesema Bi Febronia. "Nikiyakimbia kimya kimya ni heshima. Ukishalitamka, limekuwa aibu yangu na yake."

Basi likabaki hivyo. Bi Febronia akasema atarudi kwake mvua za kwanza zikinyesha, na Justa akawa mtu wa pekee katika mkoa mzima aliyekuwa akiomba mvua ichelewe.

Kisha likaja gogo.

Valerian alilikuta alipotoka kazini: kipande cha mgunga chenye magome yake, kimetolewa kwenye kuni na kulazwa kwa uangalifu katikati ya tangi. Justa alimweleza kwamba mama ameona furu hawana pa kujificha, na samaki asiye na pa kujificha hanenepi. Valerian alisimama pale muda mrefu akitazama, macho yamemlainika. Mama mkwe kuwafikiria samaki wake! Alimtuma Justa uani na shukrani, tena akamrudisha na shukrani nyingine alizosahau.

Wiki haikwisha, maji yakawa rangi ya chai. Kwanza chai hafifu ya mgonjwa, halafu chai ya wageni, halafu ile ya rangi iliyosahauliwa motoni. Furu wekundu wakawa vivuli vinavyopita. Ng'ambo ya pili, kiti cha chumba cha kulia hakikuonekana tena.

Mwalimu Donatus, jirani yao, alishauri shabu, kama watu wanavyoyatuliza maji ya lambo. Valerian aliisaga shabu, akaitia kidogo kwa kuogopea samaki. Shabu inaangusha tope, na pale tope halikuwepo. Maji yakawa chai iliyochujwa vizuri. Mtu yeyote mwenye macho alijua kwamba rangi inatoka kwenye gogo, na Valerian mwenyewe alijua. Lakini utaling'oaje gogo alilokupa mama mkwe kwa mkono wake? Ni sawa na kumtoa yeye mwenyewe nje na mkeka wake. Valerian alikuwa radhi kubadilisha maji yote ya Shinyanga kabla ya kuligusa gogo lile.

Na kweli akaanza kuyabadilisha. Ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa sabini na sita, na maji ya bomba yalikuja alfajiri yakakohoa kidogo na kwenda zake. Wanawake walipanga ndoo kabla ya jogoo. Miongoni mwao sasa alisimama karani mkuu wa kinu cha pamba, suruali ya kazini imekunjwa mpaka magotini, ndoo huku na huku. Maji mekundu aliyoyatoa kwenye tangi aliyamwagia mipapai, ili asionekane anapoteza. Hilo halikuwatuliza watu.

"Mama Limi," Bernadina wa nyumba ya tatu alimwita Justa mbele ya foleni nzima, akimtaja kwa jina la binti yake mkubwa, "hao samaki wenu wanaoga asubuhi na jioni? Mimi wanangu hawajaoga tangu Jumamosi."

Foleni ilicheka. Mtu akaisukuma ndoo ya Justa kwa mguu mpaka nyuma kabisa. Valerian aliirudia ndoo ya mkewe, akaiokota, akasimama nayo huko huko nyuma. Walipofika bombani maji yalikuwa yamekatika. Walirudi nyumbani na ndoo tupu, na njiani Valerian alimwomba mkewe radhi kana kwamba amemvunjia chungu cha mama yake.

Hatimaye alipata ujasiri wa kuuliza, kupitia Justa, kama mayo angeona vibaya gogo likitolewa kidogo tu lichemshwe, kisha lirudishwe mahali pake. Jibu lilikuja haraka mno: lichemsheni, hakuna neno. Valerian alilichemsha gogo kwenye pipa uani mpaka likaacha kutoa rangi, akalirudisha. Alishona mfuko wa kitambaa cha marekani, akaujaza mkaa alioutwanga na kuuosha, akautega pale pampu inapopuliza, maana mfamasia mmoja alimwambia mkaa hunywa rangi. Baada ya siku chache maji yakaanza kufunguka. Furu mwekundu akarudi kuwa mwekundu. Valerian aliimba kanisani Jumapili ile kwa sauti iliyomfanya padri atazame.

Katikati ya wiki, maji yakawa chai tena.

Justa alirudi kutoka sokoni mapema siku hiyo kwa kuwa hakukuwa na sukari. Alipita mlango wa nyuma, na kwenye chumba cha kulia akamkuta mama yake amesimama kwenye kigoda, mkono ndani ya tangi mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa akishusha nyuma ya gogo furushi dogo la magome mabichi ya mgunga, amelifunga kwa uzi wa nyavu kama mtu anayetega.

"Mama," alisema Justa.

Bi Febronia hakushtuka. Alimaliza kulishusha furushi, akaushika mkono wa binti yake, akateremka taratibu kwa sababu ya nyonga, akaketi kwenye kiti.

"Baba yako alikuwa na nyavu za pamba, hizi za nailoni hazijaja," alisema. "Mimi ndiye niliyezitia rangi. Unachemsha magome ya mgunga, unazilaza humo, zinatoka nyekundu kama udongo. Samaki anapita mbele ya nyavu, hazioni. Nimeifanya kazi hiyo mpaka mikono ikawa na rangi hiyo hiyo. Sasa nimezeeka, nikasema, na mimi nisionekane."

Justa alivuta kigoda akaketi karibu naye.

"Jioni nakaa hapa," mama aliendelea. "Mkwe yuko kule, namwona kivuli tu, na yeye hata kivuli changu hakioni. Redio naisikia. Watoto wanakuja na vikombe vyao wanakaa miguuni pangu. Nimo ndani ya nyumba, Justa. Uani nilikuwa mgeni wa jiko. Hapa nimo ndani."

Alilolifanya Justa baada ya hapo si la kusifiwa, na wala hakujisifu. Alinyamaza. Mumewe alipopiga magoti mbele ya tangi na kuuliza kwa nini, baada ya kazi yote ile, Justa alisema labda ni mkaa umechoka. Aliposema atatwanga mkaa mwingine, Justa alimsaidia kutwanga. Alipochota maji alichota naye. Usiku alilala kati ya watu wawili anaowapenda, mmoja ubavuni na mmoja ng'ambo ya ukuta, na kila mmoja akiharibu kazi ya mwenzake kwa heshima kubwa.

Hapo Valerian akaleta habari kwamba meneja mpya wa kinu, Bwana Kalisti, amesikia sifa za tangi la Mhindi na atakuja Jumapili kula chakula na kuliona. Alilisema hilo kama mtu anayesoma hukumu yake. Akaongeza safari za bombani. Asubuhi moja, akiwa amebeba ndoo mbili, mgongo ulimshika getini. Akainama pale pale, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na akakohoa kile kikohozi chake cha kumwonya mama mkwe asogee, hata katika maumivu yale.

Bi Febronia alikisikia kutoka jikoni. Hakusogea. Alitazama kwenye ufa wa mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaona mgongo wa mkwe wake umepinda na ndoo zimesimama wima, hazijamwagika hata tone.

Siku hiyo aliliopoa furushi mwenyewe, akalitupa motoni. "Mkwe wangu anachakaa kwa ajili yangu na hajui," alimwambia Justa. "Mwache apate maji yake."

Justa alimsihi. Alimwambia wataipata njia nyingine. Mama alimpapasa shavu na kuendelea kupepeta mchele wa wageni.

Jumapili maji yalikuwa maangavu kama hayapo. Furu walielea hewani, kila mmoja na rangi yake. Bwana Kalisti alikuja, mtu mnene mwenye tabasamu, akasimama mbele ya kioo akiwa na soda mkononi, akauliza, "Hawa hawaliwi?" Valerian alisema huliwa, lakini hawa wanatazamwa tu. Bwana Kalisti alitikisa kichwa kwa heshima, akakaa mezani, akaongea juu ya pamba mpaka pilau ikaisha. Hakuwatazama tena. Ndivyo zilivyolipwa ndoo zote zile.

Chakula kiliandaliwa chumba cha kulia, kwa hiyo Bi Febronia alishinda uani kutwa nzima. Alikaa kwenye mkeka nyuma ya jiko, kivuli kikihama naye akihama, akiburuta mguu. Wageni walipoondoka, Justa alimkuta amefunga mzigo wake kwa khanga ile ile iliyokunjwa pembe kwa pembe.

"Kesho nitapanda basi," alisema. "Usilie. Umenilea vizuri."

Justa hakulia pale. Aliingia sebuleni, na mumewe alikuwa kitini, miguu peku, jua la jioni linaingia kwa dirisha la ng'ambo na kupita ndani ya maji mpaka usoni pake. Alikuwa mwenye furaha kabisa, na Justa alimwonea huruma kabla hajasema neno.

"Baba Limi, mama anaondoka kesho. Anaondoka kwa sababu maji yametakata."

Valerian aligeuza uso. Justa akamweleza yote akiwa amesimama, bila kupamba. Alieleza uani na vumbi, kiti cha chumba cha kulia, furushi la magome, na nyonga ya mama yake na ile siku aliyolala chini mpaka jua likazama. Alisema kwamba yeye mwenyewe alijua tangu siku ile ya sokoni, akanyamaza, na kama kuna wa kugombezwa basi ni yeye. Alisema pia kwamba akimpeleka mama stendi kesho, anamzika.

Alingoja ukali. Valerian aliwageukia samaki.

"Ile khanga niliyoitungua," alisema mwishowe. "Ndiyo ilikuwa ya hilo?"

"Ndiyo hiyo."

"Nami nikaikunja." Alijifuta uso kwa kiganja, polepole, toka paji la uso mpaka kidevuni. "Nikaikunja vizuri kabisa."

Justa alisema wanaweza kuirudisha, sasa hivi. Valerian alikataa kwa kichwa. Alisema khanga itamfungia mayo gizani kama mahindi ghalani, na dirisha ni lake, na wajukuu ni wake, na yeye hakuoa kutoka Nkome ili mama wa watu aje kukaa nyuma ya pazia.

Akasimama. Akakishika kiti chake, kile alichokivuta mbele ya kioo kila jioni kwa miaka, akakigeuza mpaka mgongo wa kiti ukagusa tangi. Akaketi. Mbele yake sasa kulikuwa na ukuta mtupu na kalenda ya kinu. Nyuma yake, karibu na masikio yake, furu walikuwa wakipita.

"Mama Limi," alisema kwa sauti ya kufika uani, "mwambie mayo aingie chumba cha kulia. Mimi nimegeuka. Nitakuwa nakaa hivi."

Kisha mguu ukaburuzwa kwenye saruji ya mlango wa nyuma. Bi Febronia aliingia na mzigo wake mkononi, akasimama, akaona ndani ya maji yale maangavu kisogo cha mkwe wake, nywele zimeanza kuingia mvi kwa chini. Akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichosha. Justa alisimama kwenye mlango wa kati ya vyumba viwili, mahali pa kupitishia maneno.

"Muulize mayo," alisema Valerian akiikazia macho kalenda, "wanafanya nini?"

"Mama, anauliza wanafanya nini."

Bi Febronia alisogeza uso karibu na kioo. Alitazama kwa muda, jicho la mtu aliyekulia juu ya samaki.

"Mwambie madume wanagombania gogo. Na mwambie lile jike la kijivu, lenye taya lililovimba, lisisumbuliwe. Lina watoto mdomoni."

Justa hakupata nafasi ya kuyapitisha maneno hayo. Valerian aliyasikia, akashika mikono ya kiti kwa nguvu, na shingo yake ilianza kuzunguka, ikasimama katikati, ikarudi kwenye kalenda. Ilimgharimu, na wanawake wote wawili waliona.

"Mdomoni?"

"Furu ndivyo wanavyolea," alisema Bi Febronia, akimwambia Justa, akisahau kidogo kumtazama Justa. "Jike halili kitu mpaka watoto wapate nguvu, ndipo linawaachia. Wakitishwa wanarudi humo humo. Tulikuwa tukiwakuta ndani ya nyavu, ukimgusa anamwaga watoto kama mtama."

"Atawaachia lini?"

"Mwenyewe ndiye ajuaye. Ni wa kuangaliwa."

Sebuleni watoto waliacha kucheza bila kuambiwa. Valerian alipoongea tena alisahau kabisa kusema mwambie.

"Mimi sioni, nimegeuka. Mayo akiondoka, nani ataniambia wametoka?"

Justa alifungua mdomo kuyapitisha maneno, lakini hayakuwa na safari tena. Mama yake alikuwa ameuweka mzigo sakafuni, ameusukuma chini ya kiti kwa mguu wake mzima, na sasa alijiegemeza vizuri, mgongo wote, kama mwenye nyumba.

"Amepita nyuma ya gogo, baba," alimwambia kisogo. "Ngoja kidogo. Ngoja. Haya, ametokea."